Malimbikizo si deni lote

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama ile barua ya mkopo inaposema "lipa malimbikizo yote mara moja" ina maana wanataka mkopo mzima urudi leo. Hapana. Tulia kwanza.

Malimbikizo ni yale tu ambayo siku yake ya kulipwa imeshapita. Tuseme mkopo una marejesho 12, moja kila mwezi. Umelipa 5, na tarehe ya rejesho la 8 imepita. Malimbikizo ni la 6, la 7 na la 8, pamoja na adhabu ya kuchelewa ikiwa mkataba unaitaja. La 9 hadi la 12 ni deni pia, ila siku yake haijafika. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa na deni kubwa na asiwe na malimbikizo hata senti moja.

Ukauliza tena neno lenyewe limetoka wapi. Mzizi wake ni limbika. Anayelimbika maji ni yule aliyekuta kisima kimekauka, akakaa pembeni kungoja yachuruzike kidogo kidogo hadi yatekeke. Kutoka hapo tukapata limbikiza, kisha malimbikizo, kama vile lipa ilivyozaa malipo. Kwa hiyo neno halimlaumu mtu. Linasema tu kwamba kitu kimejaa kwa kukaa. Mfanyakazi aliyecheleweshewa mshahara naye humdai mwajiri malimbikizo yake, na hapo mkosaji ni mwajiri.

Lawama imo kwenye neno jingine: sugu. Hiyo ni ngozi iliyokuwa ngumu kiganjani kwa kushika jembe, isiyosikia tena. Mdaiwa sugu ni aliyekumbushwa mpaka kukumbushwa hakumgusi. Wewe hujafika huko, ila usizembee: mkopo ukipita siku 90 bila rejesho, benki nyingi huuhesabu kuwa mkopo chechefu, na lugha ya barua zao hubadilika.

(Na kwa kuwa unapenda mambo haya: deni na dai yanafanana kama ndugu, lakini yote mawili yametoka Kiarabu kwa mizizi miwili tofauti.)

Sasa la kufanya. Waombe mchanganuo kwa maandishi: rejesho lipi, riba kiasi gani, adhabu kiasi gani. Ukipeleka nusu, uliza itaingia wapi kabla ya kulipa, kwa sababu wakopeshaji wengi huanza kukata adhabu na riba. Unaondoka ukijua umemaliza la 6, kumbe halijaguswa. Halafu utafute kwenye mkataba kifungu kinachosema ukikosa marejesho kadhaa, mkopo wote unadaiwa papo hapo. Kikiwemo, usijibu barua yao kabla hujanisomea kwenye simu, neno kwa neno.

Mama yako