Namna ya kuivutia mikutano mikubwa Mwanza

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini miji mingine hujaza hoteli zake kwa mikutano, ilhali Mwanza tuna ziwa na Jiwe la Bismarck na bado wageni wengi hulala usiku mmoja kisha wakaelekea Serengeti. Kwa maoni yangu, mkutano hauji kwa sababu ya picha nzuri, hufuatwa. Mwaka 1896 wafanyabiashara wa Detroit, Marekani, walimwajiri mtu wa kuzunguka akiomba vyama vilete mikutano yao mjini kwao, na ofisi za namna hiyo hadi leo huandaa zabuni, huonyesha idadi ya vyumba na ukubwa wa kumbi, huwaalika waandaaji waje kukagua, na miji mingi huzigharamia kwa tozo ndogo ya hoteli.

Arusha imetutangulia, kwani ina AICC, kituo cha kimataifa cha mikutano, tangu 1978. Hata hivyo, sisi tungeanza na wale wenye sababu ya kuja hapa: watafiti wa uvuvi, wataalamu wa maji wa nchi tatu zinazopakana na ziwa, na madaktari, maana Hospitali ya Bugando ipo. Mjumbe akimaliza kikao mapema alasiri, anaweza kupanda boti hadi Kisiwa cha Saanane, hifadhi ya taifa iliyo karibu kabisa na katikati ya jiji, akawaona pimbi juu ya mawe na kurudi kabla ya giza. Kesho yake aende Bujora kwenye makumbusho ya Wasukuma. Ratiba hiyo iandikwe ndani ya zabuni yenyewe, pamoja na bei.