Kwenda Vumawimbi kwa miguu: anza kuhesabu kutoka kurudi

Wanaoniuliza kuhusu kuukata msitu wa Ngezi kwa miguu mpaka ufukwe wa Vumawimbi huwa na masuali mawili: nyoka wapo, na njia ina urefu gani. Nyoka wapo, kama walivyopo kwenye mikarafuu ya babu yako, na wengi watakukimbia kabla hujawaona. Njia si ndefu. Mwanamke wa mabondeni aliyezoea kubeba mpunga kichwani ataimaliza huku anaimba. Suali ambalo hakuna anayeniuliza ndilo lililonilaza mimi Konde, nimevaa kanga za kuazima: nitarudi vipi?

Kwa wasioujua, Ngezi uko kaskazini-magharibi mwa Pemba, ukishapita Konde kwenda Makangale. Barabara inaupasua, kwa hiyo wapo waliopita na gari mara mia wakahesabu kuwa wameuona. Hawakuuona. Ukiingia kwa miguu unaliacha jua nje kama unavyoacha viatu mlangoni. Mivule imekwenda juu mpaka shingo inauma kuitazama, na chini yake kuna mpapindi, mti wa jamii ya minazi ambao ndugu zake wa karibu utawakuta Madagascar, wala si Tanga hapo ng'ambo. Pemba imetengwa na bara kwa mkondo wa kina cha mamia ya mita. Unguja bahari yake ya upande wa bara ina kina kifupi, na zamani iliungana na bara. Sisi tuko peke yetu tokea hapo, na ndiyo maana tuna popo wetu, bundi wetu mdogo na ninga wetu wasiopatikana pengine popote duniani.

Basi. Safari yangu ya kwanza tulikuwa wanne: mimi, kaka yangu, na watoto wawili wa marehemu dada. Ilikuwa mwezi wa tano, masika imeaga lakini haijatoka mlangoni. Tulikunywa chai nzito mjini Chake Chake, tukaondoka saa tatu, tukakaa garini tukisubiri ijae, tukafika Konde tukapiga soga, tukachukua bodaboda mbili hadi kwenye kituo cha msitu. Tulipolipa kiingilio na kupewa mtu wa kututembeza, adhuhuri ilikuwa imeshaingia. Hakuna kati yetu aliyeona tatizo. Tulikuwa na hamu ya kwenda, na hamu haina saa.

Yule mzee aliyetuongoza aliviangalia viatu vyangu. Raba nyeupe, mpya, soli bapa kama sahani.

"Mwanangu," akasema, "hivi si vya kwendea arusini?"

Nikacheka. Kwenye kijito cha kwanza nikakoma kucheka.

Hapa nataka nikae kidogo, maana ndipo wengi wanapoangukia. Maji ya vile vijito hayatishi. Mara nyingi hayafiki hata gotini, na rangi yake ni ya chai ya rangi kwa majani yaliyooza ndani yake. Kazi iko ukingoni. Mvua imeuchimba udongo, mizizi imebaki nje, imechubuka na kung'aa, na jicho linaiona kama ngazi uliyotengenezewa. Ukiamini jicho umekwisha. Mzizi uliorowa ni kama sabuni. Mzee alikuwa anaiacha mizizi yote na kukanyaga katikati yake, kwenye tope lenyewe, mguu ameuweka upande, uzito ukiwa kisiginoni. Nilidhani anafanya hivyo kwa vile yeye hana cha kuchafua. Nikapanda mzizi wangu mzuri msafi, na dakika hiyo hiyo nilikuwa nimekaa kitako mtoni, baibui limeelea mbele yangu kama mwavuli, simu iko mfukoni. Mgongo alhamdulillahi. Simu haikuamka tena.

Kwa hiyo: kanyaga tope, tope linakushika. Mzizi unakuachia. Kata fimbo nje ya msitu, au uliza kituoni, lakini usiingie mikono mitupu. Na simu uifunge kwenye mfuko wa plastiki mzito, ndani ya mkoba, usiiweke mfukoni.

Viatu: raba kuukuu yenye meno chini, au vile vya plastiki vyenye matundu na kamba nyuma ya kisigino, ambavyo maji yanaingia na kutoka. Ndara hapana. Tope linaing'ang'ania ndara, wewe unaendelea na safari, yenyewe inabaki. Kwa wanawake wenzangu, baibui si kizuizi ila kwa pindo lake. Vaa suruali pana ndani, nyanyua baibui ulifunge kiunoni kwa ukanda wa kanga, na uchukue kanga moja kavu kwenye mkoba. Hiyo kanga itakuwa taulo, msala wa kuswalia, kivuli ufukweni, na kifuniko cha aibu iwapo utakaa mtoni kama mimi.

Mikono mirefu pia, khasa kwa watoto. Kando ya njia, pale jua linapopenya, kuna upupu. Mpwa wangu mkubwa aliusogelea kutazama jongoo mweusi mwenye urefu wa kalamu, akarudi anajikuna mpaka machozi. Kukuna ndiko kunakozitawanya zile nywele zake. Mzee alimshika mikono yote miwili, akamsugua taratibu kwa mchanga mkavu, akamkataza kujigusa. Ilichukua robo saa nzima. Nilikuwa bado sijui kwamba robo saa zile nazihitaji.

Maji ya kunywa chukua lita mbili kwa mtu, na chakula kisichoharibika: tende, muhogo wa kuchemsha, mkate wa mofa. Taka zako rudi nazo. Kiingilio cha wenyeji ni tofauti na cha wageni, kwa hiyo beba kitambulisho na pesa taslimu ndogondogo, na uchukue risiti. Wa kukutembeza usimkwepe kwa kubana pesa. Vijia vinafanana, mtandao wa simu unakatika, na humo ndani zipo sehemu za mizimu ambazo wenyeji wanaziheshimu. Ukikuta uwanja umefagiwa katikati ya msitu, upite kimya, kamera uiache begani. Mzee ndiye atakayekwambia wapi pa kusema na wapi pa kunyamaza.

Nisiufanye msitu uonekane ni adha tupu. Kuna mahali, ukikaribia upande wa pwani, miti mirefu inakwisha kama imekatwa kwa kisu, udongo mweusi unageuka mchanga mweupe, na unajikuta kwenye vichaka vifupi vyenye majani membamba kama sindano. Nilisimama nikakitazama kile kichaka nikajua nimeshakiona mahali. Miaka ya nyuma tulikwenda Kilimanjaro na wenzangu wa kazini, tukaishia kambi ya Horombo, mita 3,720, kichwa kinanigonga kama mchi. Njiani kutoka kambi ya Mandara kwenda Horombo ndugu zake wamejaa pande zote. Mmea wa ukoo ule ule, kule baridi inakata masikio, na huku Pemba unamea usawa wa bahari unapigwa na chumvi. Ukifika hapo jua litakuwa kali ghafla, kwa hiyo kofia au mtandio mpana uwe karibu. Lakini simama utazame. Wenye magari hawapaoni.

Halafu ufukwe. Vumawimbi unaweza kuusikia kabla hujauona, khasa siku za kaskazi, na jina halikutolewa bure. Sisi tulitokeza kama saa kumi kasorobo. Mpango wetu ulikuwa kutembea mchangani kuelekea Ras Kigomasha, tukaone mnara wa taa, kisha turudi kwa barabara. Tulikuta mchanga umebaki ukanda mwembamba na maji bado yanapanda.

Hili mtoto wa Kipemba hakupaswa kukosea. Tarehe ilikuwa kumi na sita ya mwezi wa Kiislamu. Bamvua, maji makubwa. Siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu maji kwetu hujaa alasiri, kati ya saa kumi na kumi na moja, na hupwa asubuhi, saa nne mpaka saa tano, na kati ya kujaa na kupwa tofauti inaweza kukaribia mita 4. Kila siku nyakati zinasogea mbele kwa dakika 50 hivi. Kwa hiyo ukifika tarehe nane au tisa ya mwezi, maji mafu, mambo yamegeuka: maji hupwa alasiri, na wala hayaendi mbali. Kalenda ya ukutani yenye tarehe za Kiislamu inatosha. Nilikuwa nayo jikoni. Niliitazama kwa ajili ya kufunga siku nyeupe, sikuitazama kwa ajili ya safari.

Karibu na rasi kuna majabali, na maji yakijaa mawimbi yanapiga moja kwa moja juu yake. Usijaribu kupita na watoto. Kaka alitaka kujaribu, mzee akamtazama tu.

Sasa nikipanga naanzia mwisho. Nataka niwe Konde kabla ya alasiri haijapoa, maana baada ya hapo gari za Chake huanza kuadimika. Kwa hiyo niwe barabarani, nje ya msitu, saa nane. Kwa hiyo ufukweni niwe nimeshakaa, nimekula, nimeoga, mpaka saa sita. Ikiwa ni bamvua, maji yatakuwa yamepwa saa nne au tano, ndiyo saa ya kutembea mchangani. Kwa hiyo msituni niingie saa moja na nusu au saa mbili, na Chake niondoke alfajiri nikishaswali. Ikiwa ni masika au vuli naongeza saa nzima ya tope na upupu. Hesabu isipokubali, nalala Konde au Wete usiku wa kabla. Na dereva wa bodaboda nakubaliana naye saa ya kunifuata kabla sijaingia msituni, tena nambari yake naiandika kwenye karatasi.

Siku ile hatukuwa na karatasi wala simu yangu, na ya kaka ilikuwa imeisha chaji kwa kupiga picha. Tuliswali alasiri kwa kuchelewa, tukashika barabara ya msituni kurudi. Maghribi ikatukuta bado tumo chini ya miti. Mpwa mdogo ndiye aliyetazama juu kwanza. Popo walikuwa wanatoka, mmoja mmoja halafu makundi, mabawa yenye upana wa mita moja na nusu na ushei, wanapiga polepole kama watu wanaopiga makasia. Miaka ya 1990 walihofiwa kwisha kabisa. Mtoto alianza kuwahesabu, akafika arubaini na kitu, akapotea, akaanza tena. Tulisimama hapo tumelowa, tuna njaa, mpaka kiza kikawameza.

Gari la mizigo lilituokota, likatushusha Konde usiku. Tulibisha kwa shangazi yake baba yangu, bibi wa miaka themanini, ambaye sikuwa nimemwamkia tangu Idi. Alitupa maji ya moto, kanga, na pweza wa nazi uliobaki. Akaningoja nile kwanza. Kisha akauliza, kwa upole kabisa:

"Kwani mjukuu wangu, gari mlidhani zinawangoja?"