Kesi ya Asiye na Uwezo: Jibu kwa Wakili Kijana

Wiki iliyopita wakili kijana wa hapa Malindi aliniandikia akiuliza kama akubali kumtetea mshtakiwa wa mauaji kwa malipo ya serikali, ilhali wenzake wanamwonya kwamba ujira huo hautoshi hata mafuta ya safari. Namjibu hadharani, kwani wengi wenu mnatamani kujenga jina mahakamani kama nilivyotamani mimi.

Kifungu cha 50 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinaitaka Serikali imgharimie mshtakiwa wakili iwapo kumkosa kutamletea dhuluma kubwa. Kesi ya Karisa Chengo, iliyopitia Mahakama ya Rufani hapa Malindi na kuamuliwa na Mahakama ya Juu mwaka 2017, ilieleza mambo ya kupimwa, yakiwemo uzito wa adhabu na ugumu wa mashtaka. Haki imeandikwa, kinachotuumiza ni ujira.

Kesi yangu ya kwanza ya namna hii ilitoka Lamu ikasikizwa katika Mahakama Kuu ya Garsen. Malipo yalikuwa ya kesi nzima, iahirishwe mara mbili au mara tisa. Kufikia safari ya sita nilikuwa nimechoka, na sina budi kukiri kwamba shahidi wa tatu nilimhoji mbiombio, jicho likiwa kwenye saa, kwa sababu kesho yake nilikuwa na kesi ya shamba ya mteja anayelipa vizuri. Nilipotoka nje, mamake mshtakiwa, aliyevuka kwa boti kutoka Pate hadi Mokowe kisha akapanda basi, alifungua fundo la leso akanitolea noti mbili za mia.

"Mwanangu, leo nimekuona una haraka," alisema. "Pengine ni nauli."

Sikuzipokea, wala usiku ule sikulala. Niliomba shahidi aitwe tena, mahakama ikaridhia, naye akakiri kwamba pale alipodai kumtambua mshtakiwa hapakuwa na taa wala mbalamwezi. Kijana yule aliachiliwa. Katika kesi zote nilizoshinda, hiyo ndiyo ninayoitaja kwanza. Malipo yalikuja baada ya miaka miwili, kwa kuwa karatasi zangu zilipotea katika ofisi moja nikaambiwa nianze upya, na uchungu huo haujanitoka.

Kwa hiyo, ndugu yangu, toa nakala ya barua ya kuteuliwa siku hiyo hiyo, uandike tarehe ya kila kikao, na nakala nyingine uiweke nyumbani. Dai haki yako ofisini bila kuchoka, lakini usimlipize mshtakiwa kwa kuifanya kazi yake nusunusu. Anayejua hataweza na akatae mapema, mwingine ateuliwe. Wewe ipokee kesi hiyo, na kabla ya kikao cha kwanza nenda gerezani ukaketi naye, umsikilize mpaka amalize.