Kumwomba GP (daktari wa familia) rufaa ya tathmini ya usonji ukubwani, England

Unahofia GP atasema ni wasiwasi tu. Basi taja rufaa ya usonji tangu unapoweka miadi, na usichanganye na shida nyingine kama maumivu ya mgongo. Dakika kumi za miadi hazitoshi. Jaza kabla dodoso la AQ-10, maswali kumi ya kuangalia dalili za usonji: ukipata 6 au zaidi kati ya 10, rufaa inapaswa kuzingatiwa. Wengi hukwama kwenye maelezo, maana "najihisi tofauti" haimsaidii daktari. Andika ukurasa mmoja wa mifano: ripoti za shule, anayokumbuka mama yako, kelele zinazokuchosha kazini, ratiba ikivurugika inakuwaje. Foleni ikiwa ndefu, omba Right to Choose (haki ya kuchagua), upelekwe kwa mtoa huduma mwingine mwenye mkataba na NHS, huduma ya afya ya umma. Scotland na Wales haki hii haipo. Mkalimani wa Kiswahili ni bure, muombe mapema.