Barua kwa mwanangu: kadi 600 za Krismasi, uzichukue au uziache?

Mwanangu,

Swali lako nimelisoma mara mbili. Ofisi inataka kadi 600 za Krismasi za maganda ya migomba, ziwafikie tarehe 28 Novemba, ndani ziwe na salamu na jina lao. Mko watatu, unauliza kama mikono itatosha, na umepanga kila mmoja ashike kadi zake 200 mwanzo mpaka mwisho. Zichukue. Ila huo mpango wa 200 kwa kila mmoja uache.

Tuanze na hesabu. Kwa picha uliyonituma (mgomba na kibanda, vipande sita vya maganda), kadi moja inakula kama dakika 9 za mkono: kuipiga mstari na kuikunja 1, kukata vipande 2, kubandika 4, kukagua na kutia ndani karatasi ya salamu 2. Wafanyakazi watatu, saa 6 za kazi halisi kila mmoja (usihesabu 8; kuna chai, kuna simu, kuna mgongo), ni saa 18, yaani kadi 120 kwa siku. Tengeneza 660 ili ukitupa mbovu zisipungue 600. Siku 6 basi, mikono inatosha.

Kitakachokukwamisha ni mbao za kugandamizia. Kadi ikishabandikwa lazima ilale chini ya uzito usiku kucha, la sivyo inajikunja kama chapati iliyosahauliwa jikoni: gundi ina maji, maji yanavimbisha upande mmoja wa karatasi tu, na upande ule mwingine unavutwa. Plaiwudi ya sentimita 32 kwa 45 inabeba mafungu manne ya kadi zilizofunguka, na fungu lisizidi kadi 10. Ukirundika 20, unyevu wa zile za katikati hauna pa kutokea, halafu picha inavyotuna inaliegemeza fungu lote upande mmoja. Jozi moja ya plaiwudi, chini na juu, ni kadi 40. Umesema una jozi mbili: hizo ni 80 kwa usiku, siku 9. Ongeza ya tatu upate 120, sawasawa na mnachozalisha mchana. Ya nne itakaa bure. Juu weka tofali mbili zilizofungwa kitambaa, na kati ya kadi na kadi karatasi nyeupe tupu. Gazeti usiweke, wino wake unahama. Baada ya saa moja badilisha zile karatasi, kwa sababu za mwanzo zimeshakunywa maji.

Karatasi chukua ya gramu 250 hadi 300 kwa mita ya mraba. A4 moja ikikatwa katikati inatoa A5 mbili, na kila A5 ikikunjwa ni kadi, kwa hiyo unahitaji A4 330. Kabla hujalipa, ipinde moja pale dukani kama unayetaka kutengeneza bomba, mara kwa urefu, mara kwa upana. Bomba linalokubali kirahisi linakwambia nyuzi za karatasi zimelala sambamba nalo. Unataka nyuzi zifuate urefu wa A4, maana hapo mkunjo wa kadi nao utaangukia sambamba na nyuzi. Zikilala kwa upana, mkunjo utakwaruka na kutoa vinyweleo vyeupe hata ukunje kwa upole gani. Kukata usikate kwa mkasi wala wembe. Peleka kwa wachapishaji wenye mashine ya kukatia, wanamaliza rundo lote kwa dakika chache na kona zinatoka sawa.

Mstari wa mkunjo upige kwa biki iliyokwisha wino na rula ya chuma, upande wa nje wa kadi, lakini usikunje bado. Bandika kadi ikiwa wazi, igandamize, kesho yake ndipo ukunje. Na picha inakaa nusu ya kulia, upande wa nje ukiwa juu. Msaidizi mgeni hubandika kushoto, na kadi inafunguka kinyume. Weka alama ndogo ya penseli mpaka wazoee.

Maganda nayo yana tabia zake. La nje la mgomba ni kahawia iliyokolea, kadiri unavyoingia ndani linakaribia rangi ya chai ya maziwa. Yachambue kwa rangi siku ya kwanza, yote, msije mkaishiwa rangi ya kibanda mkiwa kadi ya 400. Pangusa kwa kitambaa kibichi kilichokamuliwa, kisha pasi ya moto mdogo bila mvuke, juu yake pakiwa na kitambaa. Kavu mno likipigwa pasi linapasuka. Halafu, na hapa ndipo wengi wanapoteza mali, libandike kwanza lote juu ya karatasi nyepesi, likauke, ndipo ukate vipande. Ganda tupu linachanika kufuata nyuzi zake, na paa la kibanda linakufia mkononi. Kitenge, kama utakitia kwenye picha, nacho kinataka hivyohivyo ili ncha zisifumuke, na kabla ya kukitumia kisugue kwa kitambaa cheupe kibichi. Kikiacha rangi, gundi itaivuta hadi kwenye karatasi nyeupe.

Gundi ni ile nyeupe ya mbao, usiizimue. Nukta ndogo kwa kijiti cha meno, pembeni na katikati. Uji wa ngano ni rahisi, kweli, lakini unaita mende na ukungu, na Dar mwezi wa 11 hewa yenyewe ina maji. Kwa sababu hiyohiyo usizitie kadi kwenye nailoni. Zifunge kumi kumi kwa ukanda wa karatasi na uzi wa katani, zinapendeza na zinapumua.

Jina la ofisi usilichapishe kwenye kadi yenyewe. Karatasi nzito inakwama kwenye printa ndogo, na kadi zikibaki zenye jina la watu hutamuuzia mwingine. Chapisha salamu kwenye karatasi ya kawaida ya gramu 80 au 100, ikate milimita 204 kwa 142, ikunje, uibandike ndani kwa mstari mwembamba wa gundi kando ya mkunjo. Chapisha 620, yaani A4 310. Wakikosea jina la mkurugenzi wao unabadilisha karatasi, kadi inabaki salama. Na mwaka usiandikwe popote kwenye kadi: "Heri ya Mwaka Mpya" peke yake inauzika hata Desemba ijayo.

Bahasha za C6 (saizi ya A5 iliyokunjwa), 630, zinunue kabla ya yote. Desemba ikikaribia zinaadimika. Nenda dukani na kadi iliyokwisha kubandikwa uijaribu, kwa kuwa kadi tupu inaingia bahasha yoyote.

Kuhusu wasaidizi, mmoja akate, mmoja abandike, mmoja apige mstari, akunje na kukagua. Mkono unaorudia jambo moja unaenda haraka na kadi zinafanana. Kubandika ndiko kuzito, kwa hiyo anayemaliza lake amsaidie mbandikaji. Wakibadilishana mchana, macho yanapumzika. Ukimlipa mtu shilingi 10,000 kwa saa hizo 6, dakika 9 ni shilingi 250 kwa kila kadi kabla hujagusa karatasi, gundi wala bahasha. Iweke kwenye bei. Ukilipa kwa idadi, lipia iliyopita ukaguzi tu.

Mteja atoe nusu kabla hujanunua kitu. Mpelekee kadi moja ya mkononi, si picha ya simu, muweke sahihi nyuma wote wawili, na umwambie wazi kuwa rangi za maganda hazitafanana moja kwa moja.

Wale wa kamati ya harusi wanaotaka kadi za mchango wiki hiyohiyo, waambie nafasi ipo kuanzia tarehe 29. Watanuna. Wenye haraka waende kwa wachapishaji.

Maganda mafungu matatu nayapakia basi la Alhamisi asubuhi. Ukiyapokea usiyaweke sakafuni. Yafungue, uyaanike juani siku nzima, usiku yarudi ndani. Na nipigie ukishapata zile bahasha.

Mama yako