Mke wangu ananuka moshi, naona haya kwenda naye kanisani

"Shikamoo Shangazi. Nina miaka 38, tulifunga ndoa kanisani na tuna watoto watatu. Mke wangu amejiachia. Hasuki, hajipaki chochote, gauni la Jumapili ni lilelile. Anaamka alfajiri kukaanga vitumbua vya kuuza, akirudi ananuka moshi. Sikatai, nilipoachishwa kazi tuliishi kwa hivyo vitumbua mpaka nikapata kazi nyingine. Lakini kwaya yetu ina kina dada wanaojipenda, na mmoja wao huwa ananishauri vizuri. Nimemsomea mke wangu 1 Petro 3 juu ya kumtii mume, hasikii. Je, nimrudishe kwao kwa muda ajifunze?" Baba K., Morogoro.

Marahaba, mwanangu. Pole kwa kukosa amani nyumbani. Pole yangu inaishia hapo.

Unasema amejiachia. Mimi katika barua yako nimemwona mama anayewasha moto watu wote wamelala, aliyewalisha wewe na wanao ulipokuwa huna kitu. Mtu wa namna hiyo saa za kukaa saluni azitoe wapi? Na hela? Wahenga walisema mke ni nguo, mgomba kupalilia. Nimeisoma barua mara mbili nikitafuta mahali ulipomnunulia hata doti moja ya kanga tangu upate kazi mpya. Sikupaona. Gauni lilelile unaloliona haya, ulitegemea nani alibadilishe?

Kisha huyo dada wa kwaya. Ameingiaje kwenye barua inayohusu nywele za mke wako? Mwanangu, macho yako yameshatoka nje ya nyumba, sasa unatafuta kosa la mkeo ili moyo wako usikusute. Mwanamke anayemshauri mume wa mtu kuhusu mke wake hamtakii mema huyo mke.

Na Petro umemsoma nusu. Umeishia pale wake wanapoambiwa watii. Shuka mstari wa 3 na wa 4: pambo analolitaka Mungu ni utu wa moyoni, roho ya upole na utulivu, na hiyo ndiyo anayoiita ya thamani kuu. Shuka tena mpaka wa 7. Hapo waume wanaambiwa wakae na wake zao kwa akili, wawape heshima, ili maombi yao yasizuiliwe. Unaimba kila Jumapili huku mkeo umemwacha nyumbani kwa aibu. Maombi hayo unadhani yanafika wapi?

Sisemi mtu akae mchafu. Biblia haichukii uzuri. Daudi mwenyewe ameandikwa kuwa alikuwa na macho mazuri. Ila nabii Samweli alipomwona Eliabu, kaka mkubwa wa Daudi, alivyo mrefu, akadhani mfalme ndiye huyo, na Mungu akamkatalia. Mtazame na Lea, mke wa kwanza wa Yakobo. Alikuwa na macho dhaifu, na Yakobo aliongeza miaka 7 mingine ya kazi kwa sababu ya Raheli, mdogo wake Lea, mzuri wa uso. Lea hakupendwa. Lakini katika tumbo lake alitoka Yuda, na katika ukoo wa Yuda akaja Bwana Yesu. Yakobo alipokuwa anakufa kule Misri aliagiza azikwe pango la Makpela, alikomzika Lea.

Ndoa za siku hizi zinaniumiza. Kamati inakaa miezi kuchangisha, watu wanagombania rangi ya sare, mpiga picha analipwa kuliko mpishi. Hakuna anayeuliza bwana harusi akikasirika anafanya nini, wala bibi harusi anamsemeshaje msichana wa kazi. Picha zikishachakaa, mnaanza kuandika barua kwa Shangazi.

Kumrudisha kwao? Hapana. Ukithubutu, wazee wao watauliza kosa, nawe utajibu moshi?

Fanya hivi. Acha mazungumzo na huyo dada leo, si wiki ijayo. Mwezi huu toa hela mkononi mwako, mkeo achague kitambaa mwenyewe na fundi amshonee. Siku mbili tatu kwa wiki amka wewe uwashe hilo jiko. Jumapili mwende pamoja, mkae benchi moja, kwaya itaimba bila wewe. Halafu umwombe msamaha kwa maneno yale uliyomwambia ukiwa umeshika Biblia. Akitaka mwonane na mchungaji, nenda naye, na umwache yeye aanze kusema.