Nyoka Weupe Wawili: Chatu wa Kifalme au Mla Panya wa Texas?

SWALI: Ndugu Mshauri, nimetamani kufuga nyoka mweupe kwa muda mrefu, na sasa nimebakiwa na wawili ambao nashindwa kuamua kati yao. Wa kwanza ni chatu wa kifalme mwenye macho ya buluu. Wa pili ni nyoka mla panya wa Texas, naye ni mweupe tangu kichwani hadi mkiani. Kila ninayemuuliza hunishauri nimchukue chatu kwa sababu ya upole wake. Hata hivyo, mimi sina haja kubwa ya kumshikashika nyoka. Ninachotaka ni kumwona akitembea, kwa kuwa kizimba chake kitawekwa sebuleni. Mke wangu amekubali kwa sharti moja tu, kwamba nyoka huyo asionekane nje ya kizimba hata siku moja. Sijawahi kufuga nyoka. Nimchukue yupi?

JIBU: Ndugu msomaji, kwa jinsi ulivyojieleza, ningekushauri umchukue mla panya wa Texas, ingawa najua kwamba ushauri huu unapingana na ule uliokwisha kuupata. Waliokushauri hawakukosea kuhusu tabia ya chatu. Walichosahau ni kukuuliza unataka kufanya nini na nyoka huyo. Nyongeza yangu ni kwamba sharti la mkeo ni zito zaidi kwa mla panya kuliko kwa chatu, na nitalirudia hapa chini kwa kuwa ndilo linaloweza kukuharibia mpango wote.

Nianze na weupe wenyewe, maana ndio unaowafanya viumbe hawa wawili waonekane kama ndugu ilhali hawahusiani kwa karibu. Wote wawili wana hali iitwayo leusizimu, ambapo ngozi hukosa rangi karibu kote, lakini macho hubaki na rangi yake badala ya kuwa mekundu kama ya nyoka mwenye ualbino. Chini ya ngozi hiyo mnakaa wanyama wawili tofauti kabisa. Chatu wa kifalme, ambaye wanasayansi humwita Python regius, ni mwenyeji wa nyika za Afrika Magharibi na ya Kati, ambako hupitisha mchana ndani ya mashimo ya panya na vichuguu vya mchwa, kisha hutoka usiku kuwinda. Mla panya wa Texas anatoka kusini mwa Marekani, katika majimbo kama Texas, Louisiana, Arkansas na Oklahoma, ambako hupanda miti, huingia mabandani kufuata panya, na hula ndege pamoja na mayai yao. Wote hawana sumu. Mawindo yao huyaua kwa kujiviringisha na kuyabana.

Kutokana na maisha hayo ya asili, unaweza kutabiri utakachokiona sebuleni. Chatu atakaa mafichoni mwake mchana kutwa, na pengine utakachobahatika kukiona ni pua tu ikichungulia mlangoni. Akiogopa, hujikunja kama mpira na kuficha kichwa katikati, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya sifa yake ya upole: woga wake humfanya ajifiche, na si rahisi aume. Usiku huzunguka taratibu, na wengine hupanda matawi wakiwekewa, lakini ikiwa unalala mapema utakuwa umenunua kizimba kizuri chenye pango ndani yake. Mla panya wa Texas, kwa upande wake, hupanda, huchungulia, hufuata kwa macho kila kinachopita mbele ya kioo, na mara nyingi hufanya hivyo ukiwa macho. Weupe wake ukiwa juu ya tawi jeusi ni jambo la kutazamwa kwa muda mrefu.

Ubaya wake lazima usemwe pia. Watoto wa nyoka hawa wana hasira. Hutikisa mkia, hujikunja kwa umbo la herufi S, huuma, na wakishikwa kwa nguvu humwaga majimaji yenye harufu mbaya kutoka kwenye tundu la haja. Mng'ato wa mtoto wa nyoka huyu ni mikwaruzo midogo inayohitaji maji na sabuni, na wengi wao hutulia kadiri wanavyokua na kuzoea mikono, ila sikuahidi kwamba wako atatulia. Kwa mtu anayetaka nyoka wa kukaa mapajani jioni, ningesema bila kusita achukue chatu. Wewe umesema huna haja hiyo, na mimi nimelichukua neno lako kama lilivyo.

Sasa sharti la mkeo. Nyoka wa jamii ya mla panya ni mahodari wa kutoroka. Ana mwili mwembamba wenye nguvu, hupanda kona ya kizimba kama ngazi, na husukuma kila mfuniko kwa pua usiku kucha mpaka apate uwazi. Kanuni ninayoifuata ni kwamba mahali kichwa kinapopenya, mwili utafuata. Kwa hiyo, usinunue tanki la samaki lenye mfuniko wa kuwekwa juu tu na jiwe la kuuzuia. Nunua kizimba chenye milango ya mbele inayofungwa kwa kufuli, na kama milango hiyo ni ya vioo vinavyoteleza, kagua nafasi iliyopo pale vioo viwili vinapopishana, kwa sababu mtoto wa nyoka huyu hupita hapo bila shida. Matundu ya nyaya za umeme nayo yazibwe. Mtoto wa nyoka akae kwanza kwenye kisanduku kidogo kilichofungika vizuri hadi anenepe. Chatu pia hutoroka, lakini hana bidii ya namna hii.

Ukubwa nao utauamua ukuta wa sebule yako. Chatu wa kifalme mkubwa huwa na urefu wa kati ya sentimita 90 na 150, majike wakiwa wakubwa kuliko madume, na kizimba cha sentimita 120 kwa 60 kwa 60 humtosha. Mla panya wa Texas hufikia kati ya sentimita 120 na 180, na wachache hupita mita 2, lakini ni mwembamba zaidi. Kizimba cha sentimita 120 ningekihesabu kuwa cha chini kabisa kwake, na kwa kuwa anapenda kupanda, kimo kina maana kubwa kwake. Ukiweza, mpe zaidi.

Katika joto, mla panya ni mwepesi kumtunza. Upande wa joto wa kizimba ufike nyuzi 29 hadi 31 za selsiasi na upande wa baridi ubaki nyuzi 22 hadi 25, na unyevu wa hewa wa wastani humfaa. Chatu anadai zaidi: nyuzi 31 hadi 33 upande wa joto, nyuzi 25 hadi 27 upande wa pili, na unyevu wa asilimia 60 au zaidi kidogo, la sivyo hujivua gamba vipande vipande badala ya kulivua lote kwa mkupuo. Kwa yeyote kati yao, kifaa cha kupasha joto kisichounganishwa na themostati, yaani kidhibiti cha joto, ni hatari, na kwa nyoka mweupe utaliona kosa hilo likiwa jekundu tumboni mwake.

Kuna jambo moja ambalo wauzaji hawapendi kulianzisha wao, nalo ni macho. Miongoni mwa nyoka weupe wa Texas, macho yaliyotokeza nje kupita kiasi huonekana mara kwa mara. Weupe wao hurithiwa kwa jeni fiche, maana yake mtoto lazima aipokee kutoka kwa baba na mama, na katika kuutafuta weupe huo wafugaji wengi wamezalisha ndugu kwa ndugu. Kwa chatu, weupe wenye macho ya buluu hutokana na kuunganisha jeni za kundi moja, kama Mojave na Lesser. Kila mzazi akibeba nakala moja ya jeni hizo, kila yai lina nafasi moja kati ya nne ya kutoa mtoto mweupe. Hapo pia mchanganyiko una maana, kwa sababu mtoto aliyepata nakala mbili za Lesser anaweza kuzaliwa na macho madogo mno au yaliyotokeza, na aliyepata mbili za Mojave huwa na kivuli cha kijivu kichwani. Mwulize muuzaji wazazi ni akina nani, umtazame nyoka kwa mbele na kutoka juu ili ulinganishe macho yote mawili, na kama muuzaji anasema jicho lililotokeza ni urembo, ondoka.

Ukiwa hapo, omba umwone akila, au angalau upewe kumbukumbu za milo yake. Mkague katikati ya magamba na chini ya kidevu kwa ajili ya utitiri. Hapa weupe unakusaidia, kwani vijidudu hivyo vyeusi havina pa kujificha. Kabla ya kulipa, hakikisha sheria za nchi yako zinaruhusu ufugaji huo. Chatu wa kifalme ameorodheshwa katika Kiambatisho cha 2 cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea ya porini, hivyo kumvusha mpaka kunahitaji hati. Mla panya wa Texas hayumo katika mkataba huo, ingawa nchi nyingi zina masharti yao kuhusu wanyama wa kigeni. Chagua aliyeanguliwa kwa mfugaji, wala si aliyekamatwa porini, ambaye mara nyingi huja na minyoo na hofu.

Umri nao uzungumzeni nyumbani mapema. Mla panya akitunzwa vyema anaweza kufikisha miaka 15 hadi 20. Chatu wa kifalme hupita miaka 20 kwa urahisi, na mwaka 2020 bustani ya wanyama ya St. Louis, Marekani, ilieleza kwamba chatu wake jike wa aina hii, aliyekadiriwa kuwa na zaidi ya miaka 60, ametaga mayai. Sharti la mkeo, kwa hiyo, ni la miaka mingi.

SWALI: Nina chatu wa kifalme mweupe wa miaka mitatu, dume. Amekataa chakula kwa wiki sita. Anaonekana mzima. Je, nimlishe kwa nguvu?

JIBU: Hapana, usimlishe kwa nguvu. Kugoma kula ni tabia inayojulikana sana ya chatu hawa, hasa madume waliokomaa msimu wa kujamiiana unapofika, na dume mwenye afya aweza kukaa miezi kadhaa bila mlo na asipungue sana. Mpime uzito kila wiki na uandike. Ikiwa uzito umesimama karibu palepale, kagua kwanza nyumba yake: je, joto limeshuka, je, ana maficho mawili yanayombana vizuri mwilini, moja kila upande, na je, kuna watu wanaopita mbele ya kioo siku nzima? Wengi hupuuza jambo la maficho, ilhali chatu anayejiona wazi hali. Mpe panya aliyegandishwa, akayeyushwa na kupashwa moto kwa maji, umshike kwa koleo refu usiku taa zikiwa zimezimwa, kwani chatu huhisi joto la windo kwa vishimo vilivyo kwenye mdomo wa juu na panya aliyepoa hamshawishi. Unene wa panya usizidi sehemu nene zaidi ya mwili wa nyoka. Akikataa, mwache kwa siku kumi au zaidi bila kumgusa kisha ujaribu tena. Kumjaribu kila jioni kunamchosha. Lakini akianza kukonda hata uti wa mgongo ukachomoza, au akipumua mdomo wazi, akitoa mapovu au kutapika, mpeleke kwa daktari wa mifugo anayewajua reptilia.

SWALI: Niliuziwa chatu "mweupe", lakini ana mabaka ya manjano na macho mekundu. Muuzaji anasema manjano yatafutika akikua. Ni kweli?

JIBU: Si kweli. Uliyenaye ni chatu mwenye ualbino. Mwili wake hautengenezi melanini, yaani rangi nyeusi na ya kahawia, lakini reptilia wana seli nyingine za rangi zinazotoa manjano, na hizo zinafanya kazi yake kama kawaida. Mabaka hayo yatabaki naye maisha yake yote. Nyoka mweupe wa leusizimu mwenye macho meusi huweza pia kuwa na vitone vya manjano, ila macho mekundu uliyoyataja yanamaliza ubishi. Kama ulimlipia kama mweupe mtupu, una haki ya kudai tofauti; kama umekwisha kumpenda, matunzo yake ni yaleyale ya chatu yeyote wa kifalme, isipokuwa macho yake hayapendi mwanga mkali, kwa hiyo taa ya kizimba iwe hafifu na kivuli kiwepo cha kutosha. Na kwa wote mlioandika, osheni mikono kwa sabuni kila mnapomshika nyoka au vyombo vyake, maana hata aliye mzima hubeba bakteria wa salmonela, na watoto wa chini ya miaka mitano wasimshike kabisa.